Kazi ya Mke wa Askari

Nilikuwa askari jela. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapolisema mtu hucheka. Vijana wa leo wanadhani wanawake wa zamani tulikaa jikoni tukipuliza moto mpaka uhuru ulipotukuta. Mimi nilivaa gauni la kaki, nikafunga mkanda wa ngozi kiunoni, nikashika funguo, na wanawake wenye umri wa mama yangu walisimama nilipopita.

Jela yenyewe ilikuwa ndogo, na sitaitaja ilikuwa wapi hasa, kwani wajukuu wa watu bado wapo. Ilikuwa pwani hii yetu, ukitoka Mtwara kama unayekwenda Ruvuma. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, bandari mpya imekwisha kujengwa kwa ajili ya karanga za Wazungu ambazo hazikuonekana. Ua wa wanaume ulikuwa mkubwa. Ua wangu ulikuwa na chumba kimoja kirefu, jiko, choo, na kibanda cha makuti ambapo wafungwa walikaa mchana wakisuka ukili. Hawakuzidi saba. Karibu wote kosa lao lilikuwa nipa, ile pombe kali ya mabibo. Mabibo yakiiva, ua ulijaa. Msimu ukiisha, nilibaki na mmoja wa kuiba na mmoja wa kumwaga maji ya moto, basi.

Kazi hii sikuiomba. Mume wangu ndiye aliyekuwa askari wa kweli, mwenye namba. Serikali haikutaka mwanamume aingie ua wa wanawake, na haikutaka kujisumbua kuajiri mwanamke na kumtafutia nyumba. Kwa hiyo iliwaambia askari wake: mwenye mke hodari amlete. Nikaletwa. Tulikaa chumba kimoja katika zile nyumba za askari zilizopangwa mstari, tukiziita laini. Mshahara wangu ulikuwa wa kuchekesha, lakini niliupokea kwa mkono wangu, mbele ya meza, nikitia dole gumba langu mimi. Nimezaliwa Nanyamba katika nyumba ya wakulima, na hakuna mwanamke wa nyumba hiyo aliyewahi kutia dole mahali popote kabla yangu. Niliringa. Nilitembea kati ya laini na geti la jela taratibu kuliko ilivyohitajika, ili nionekane.

Mume wangu alikuwa na mke mwingine, bi mkubwa, aliyekaa Ziwani kwenye shamba akilima mihogo na kuokota korosho. Alinizidi miaka minne au mitano. Alikuwa hajazaa, na mimi niliolewa kwa sababu hiyo, hakuna aliyenificha. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kujibu baada ya kufikiri, na mimi upole ule niliuchukia kama chakula kilichochacha. Siku moja ya kuokota korosho, mbele ya watu, nilisema kwa sauti kwamba mkorosho usiozaa hukatwa kuni. Wanawake wakainamia vikapu vyao. Yeye akaendelea kuokota. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi wa wembe, na nilifurahi kwamba hakuwa na la kunijibu.

Mwaka wa pili wa kazi nikashika mimba.

Kwetu mimba haitangazwi. Mama alinifunda kwamba mimba ni ya kuonekana, si ya kutajwa. Ukiitaja umempelekea hasidi anwani. Nikanyamaza mpaka gauni la kaki likaanza kusema lenyewe. Wafungwa walijua kabla ya mume wangu. Walianza kuninyang'anya ndoo mkononi bila kusema kitu, nami nikajifanya sioni kwa nini.

Wakati huo mume wangu alikuwa ametoka livu. Baada ya kila miaka kadhaa askari alipewa siku nyingi za kukaa kwao, na mshahara ukaenda kama kawaida. Alikwenda Ziwani, akalala kitanda cha kamba, akala samaki, akarudi na shingo nene. Sikumwonea wivu mpaka nilipoanza kuvimba miguu. Ndipo nikawaza. Huyu amelipwa kwa kulala. Mimi nitakapokuwa nazaa, nitalipwa nini? Na nikimaliza kuzaa nitarudi wapi?

Nilimwuliza. Akasema, "Wewe si askari."

Nikamwuliza, "Hii kaki nimeiokota?"

Akasema nisilete matata. Nikaamua kuyaleta, nikaenda ofisini mwenyewe.

Karani wa jela alikuwa mtu wa pwani, mwenye kofia nyeupe safi na kucha ndefu ya kidole kidogo. Nilipomweleza ninachotaka aliweka kalamu chini, akaniangalia tumbo, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Livu ya kuzaa," akasema. "Haya, tukimpa huyu, kesho na kuku watadai." Nilimwambia kwamba sikuja kuongea na yeye, nimekuja kwa Bwana Jela, na yeye kazi yake ni kufungua mlango.

Bwana Jela hakuwa mkali. Ningependa awe mkali, ningemchukia kwa raha zaidi. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye pua iliyobabuka jua, na alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kitabu kabatini, akakifungua, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa kana kwamba kweli anatafuta.

"Iko askari mgonjwa," akasema. "Iko askari kufiwa. Iko livu. Askari kuzaa, hapana."

"Basi bwana aandike," nikasema.

Karani aliyekuwa amesimama pembeni alisema kitu kwa Kizungu, na kwa jinsi Bwana Jela alivyotabasamu nilijua hakikuwa nilichosema mimi.

Bwana Jela akafikiri. Hakutaka ua wa wanawake ukae bila mtu, na hakutaka mshahara wa mtu asiyefanya kazi. Akasema nilete badala. Mtu asimame mahali pangu mpaka nipone, mshahara wa siku hizo auchukue huyo. Kumbe malipo ya kuzaa kwangu yatakwenda kwa mtu mwingine! Lakini angalau mahali pangu pangekuwepo. Nikasema ninaye mdogo wangu Nanyamba, msichana mwerevu, anakuja hata kesho.

"Hapana," akasema. "Kazi hii ni ya mke ya askari."

Mume wangu alikuwa ameitwa na amesimama mlangoni, mikono imenyooka ubavuni. Akasema, "Ninaye mwingine, bwana. Yuko shamba."

Hapo ningeweza kukataa. Ningeweza kulia, kuanguka, kujitia uchungu pale pale. Mzungu anaogopa vitu hivyo. Nikakubali, tena kwa moyo mweupe, na nitasema kwa nini, kwa sababu ujinga huu ulikuwa wangu na sikushauriwa na mtu.

Kwanza nilimdharau bi mkubwa. Nilimwaza akisimama mbele ya wale wapika nipa, na sauti yake ya kunong'ona, nikajua hatamaliza juma. Mdogo wangu angeweza kuipenda kazi ile. Huyu angeikimbia, na ofisi ingenililia nirudi.

Pili, nilidhani kazi ni kama zamu. Wanawake wa uke wenza watanielewa. Una siku zako na mwenzio ana zake. Ukiingia hedhini, ukiugua, ukiwa mzazi, mwenzio anazishika siku zako, wala hazigeuki kuwa zake. Ukisimama tena, unarudi kwenye siku zako, na hata mke mbaya wa namna gani hawezi kukuzuia, maana mji mzima utamsema. Hiyo ndiyo sheria niliyoijua. Nilidhani kila mtu anaijua, hata serikali.

Juzijuzi mjukuu wa dada yangu, mwalimu wa serikali, alikuja kunionyesha mtoto wake. Yuko kwenye likizo ya uzazi, karibu miezi mitatu, mshahara unaingia. Akalalamika kwamba ni kidogo. Alitazamia nitamgombeza kwa kutokuwa na shukrani. Nilimwambia kweli ni kidogo, na kwamba asimsikilize mzee yeyote atakayemwambia sisi tulizaa leo tukalima kesho. Wanaosema hivyo ama ni waongo ama ni wanaume.

Nilijifungua mtoto wa kike mwanzo wa mvua. Mama alikuja kutoka Nanyamba kunishika arobaini, na tukabanana katika kile chumba, mimi, mama, mtoto, maji ya moto na moshi. Bi mkubwa alipangiwa alale chumba cha jirani. Alikuja kutoka Ziwani na kifurushi kimoja cha nguo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto, akasema, "Hongera, mdogo wangu." Nikamwambia kaki ipo pale kwenye msumari na asiipasue.

Ukuta wa jela ulikuwa karibu na laini. Kila asubuhi filimbi ikilia nilisikia wanawake wakihesabiwa. Siku za mwanzo sauti ya bi mkubwa ilikuwa haisikiki kabisa, na wafungwa walikuwa wakijihesabu wenyewe huku wakicheka. Nilimwambia mama, "Unasikia? Siku nne tu." Juma la pili hawakucheka. Juma la tatu sauti ilipanda juu ya ukuta, si kubwa, lakini imenyooka, na baada yake palikuwa na kimya cha watu wanaotii. Mama alinitazama. Nikageukia ukutani nikamnyonyesha mtoto.

Jioni moja alipita kutuletea samaki, amevaa kaki. Nikaona kwenye mkanda kuna tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, kwa kuwa kiuno chake kilikuwa chembamba kuliko changu.

"Nani kakuruhusu kutoboa mkanda wangu?"

Akafikiri kidogo, kama kawaida yake. "Wa serikali," akasema, akaweka samaki chini.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyonijibu tangu niolewe. Nilisema maneno mengi baada ya pale, mpaka mama akaniziba mdomo kwa kiganja.

Siku ya arobaini na moja nilioga, nikajipaka mafuta, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda ofisini. Mama alisema nimwache mtoto kwake. Nikakataa. Nilitaka wamwone, wajue kwamba sikuwa nimelala.

Karani hakucheka safari hii, akasema tu, "Kazi imejaa." Nikampita. Bwana Jela aliangalia mgongo wangu kabla ya uso wangu. Akasema huyu wa sasa anafanya vizuri, ua ni safi, wafungwa wametulia. Akasema mtoto hapana ndani ya jela. Akasema mimi nitazaa tena, ndiyo? Nikasema Mungu akijalia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Kisha akasema jambo hili si lake kuamua. Kazi ni ya askari. Askari achague mke gani.

Mume wangu akaitwa. Alisimama palepale mlangoni, mikono palepale ubavuni. Hakunitazama.

"Huyu wa Ziwani, bwana," akasema. "Hazai."

Ilimtoka hivyohivyo, kama unavyosema ng'ombe huyu hapigi mateke. Bwana Jela akafurahi, akaandika. Na mimi niliyelipanda neno hilo juu ya mwanamke yule, nikalimwagilia mbele ya watu, nilisimama pale nikaliona likimpa kazi yangu. Mwanamke asiyezaa ndiye aliyekuwa mfanyakazi mwema. Hahitaji badala, haombi livu, miguu yake haivimbi. Kama serikali ingeweza kutuchagua tangu tumboni ingewachagua wote wa namna ile.

Nilimtukana mume wangu kuanzia ofisini mpaka laini, mbele ya watu. Nilimtukana mama yake. Alinipiga kofi moja, akanipa siku tatu niende Ziwani kushika shamba, maana shamba halina mtu. Mama alitaka kunichukua Nanyamba. Ningeenda, ningeachika, pengine ningepata mume mwingine mwenye akili. Lakini niliona kwamba nikiondoka yule atakuwa na kaki, na funguo, na mume peke yake. Nikaenda Ziwani ili nisimwachie vyote.

Kuhusu Ziwani nitasema machache kwa sababu nikikumbuka nakasirika upya. Nililima mihogo yake, kwa jembe lake, nikalala katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri, na hilo liliniudhi pia. Mtoto alianza kutambaa, akatembea. Mume wetu alikuja mara chache akaondoka. Na kila siku, baada ya swala, kabla sijamwombea mtoto wangu afya, nilimwombea mwenzangu mabaya. Niliomba aibe afukuzwe. Niliomba mfungwa amtoroke. Niliomba aumwe na nyoka, si afe, aumwe tu mguu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimechoka na hadithi ambamo wake wenza wanaishia kupendana.

Mtoto alipokaribia miaka miwili, bado ananyonya, akaja mke wa askari mmoja wa laini, amepanda lori la korosho. Akanikuta namenya mihogo. Akasema ninaitwa, niende na lori hilohilo. Mke mwenzangu amezaa jana, mtoto amekufa, na jela haina mtu.

Nilicheka. Nilimwambia, "Amezaa nani?" Akarudia. Nikaona hacheki. Nikafunga nguo zangu, na Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililowaza njiani lilikuwa kama lile gauni la kaki bado litanitosha.

Nilipofika sikuingia chumbani kwake. Mume wetu alinipokea nje, macho mekundu, akanikabidhi mkanda na funguo. Aliniomba nikampe mwenzangu pole. Nikamwambia kwanza kazi. Nikaomba kulala kwa yule jirani aliyekuja kunichukua. Siku ya pili nikapita tena mbele ya mlango wake, na siku ya tatu nikapita. Majirani walinitazama. Nilisema moyoni kwamba yeye alipita mbele ya mlango wangu arobaini nzima amevaa kaki yangu, basi.

Habari yenyewe nilipewa na mfungwa mmoja, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akirudi jela kila msimu wa mabibo kama anayerudi kwa shangazi yake. Alikuwa akinijua tangu zamani. Mtoto wangu nilikuwa nimemwingiza ndani, maana Bwana Jela alikuwa safarini na karani alijua afadhali asiseme kitu, na mwanamke yule ndiye aliyekuwa akimlea huku anasuka. Alinieleza bila kuinua macho kwenye ukili.

Bi mkubwa hakumwambia mtu. Tumbo lilipotokeza alihamisha mkanda akaufunga juu yake, na maaskari wa kiume wakasema chakula cha serikali kimemkubali. Mume wetu alijua. Alitaka kuniita mapema nishike badala. Bi mkubwa alimshika miguu akamwambia, "Usin'lete yule. Akija yule, hatanirudishia."

"Alisema hivyo?" nikauliza.

"Hapa hapa, mbele yetu, mara nyingi. Alikuwa anakuogopa wewe kuliko uchungu."

Uchungu ulimshika alasiri, watu wakiwa hesabuni. Alimaliza hesabu. Kisha akafunga mlango wa ua kwa ndani, akakaa chini kwenye mikeka. Wanawake walimwambia waite mtu, mkunga yuko hatua chache tu. Akakataa. Alikuwa amezishika funguo mkononi, na kila walipojaribu kuzichukua alikunja ngumi. Alisema akizitoa leo hatapewa tena. Alitumaini, nadhani, kuzaa pale, kujifuta, na kesho kusimama filimbi ikilia. Wafungwa wakamzalisha kadiri walivyojua. Mtoto alikuwa wa kiume, amekaa vibaya, amechoka. Alivuta pumzi muda wa kuchota ndoo moja ya maji. Ndipo vidole vya mama yake vikalegea na mmoja wao akachukua funguo akafungua.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia aendelee na ukili.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba moyo wangu ulipasuka. Ulikaza. Nilijiambia kwamba sikumfunga mimi, kwamba mlango aliufunga mwenyewe. Na juu ya yote alikuwa amesema kweli. Nisingemrudishia. Hata angekuja na barua ya Gavana.

Adhuhuri ya siku hiyohiyo ya tatu, mlango wa ua uligongwa. Nikafungua kidirisha cha mlangoni. Alikuwa yeye. Amejifunga kanga mbili, amesimama kwa kushika ukuta, na ule mwendo mfupi kutoka laini ulikuwa umemtoa jasho usoni. Sikuwa nimemwona tangu nihamie Ziwani.

Nilikuwa nimeliandaa neno kwa muda wa karibu miaka miwili, nikalitoa kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia kazi imejaa. Nilimwambia arudi Ziwani, jembe lake liko nyuma ya mlango. Nilimwambia kwamba sasa naye amejua kuzaa ni nini, na serikali haina livu ya kuzaa, wala ya kuzika.

Alisubiri nimalize. Akafikiri, kama kawaida yake.

"Sikufuata kazi," akasema. "Ntoto yuko?"

"Mtoto gani?"

"Wako. Nimesikia unamwingiza."

Ndipo nikatazama chini ya uso wake. Kanga ya kifuani ilikuwa imelowa kutoka matitini mpaka tumboni. Matiti yalikuwa yamejaa, yamekuwa magumu, na alikuwa ameitenga mikono yake nayo kama mtu aliyeungua.

"Yananiua," akasema. "Nimekamua, hayaishi. Majirani wana watoto, lakini ntoto wa nyumba ingine nikin'nyonyesha nitamfanya ndugu wa maziwa wa watu wasiojuana. Na wao wanaogopa, wanasema maziwa ya aliyefiwa yana nuksi. Huyu wako ni ndugu wa ntoto wangu tayari. Wa baba mmoja. Nipe anyonye kidogo tu, mdogo wangu, niondoke."

Mtoto wangu alikuwa hatua kumi nyuma yangu, kibandani, anachezea ukili. Funguo zilikuwa mkononi. Nilichohitaji kufanya ni kugeuza mkono.

Nikamwambia mtu wa nje haingii bila cheti. Nikamwambia asubiri nitoke kazini saa kumi.

Nikafunga kidirisha. Wanawake wote walikuwa wameacha kusuka wananitazama, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa nilikuwa askari. Niliwapigia kelele waendelee. Nikahesabu watu ambao nilikuwa nimekwisha kuwahesabu.

Saa kumi nilimfunga mtoto mgongoni, nikafungua mlango. Alikuwa palepale, amekaa juani ameegemea ukuta, kwa kuwa upande ule hauna kivuli. Nikamshusha mtoto. Sikuwa na hakika kwamba atakubali. Alikuwa mkubwa, na yule mwanamke hamjui. Mtoto alimtazama usoni, akashika kanga iliyolowa, akanyonya kama aliyezaliwa naye. Bi mkubwa alifumba macho. Machozi yakamtoka, akaachia kichwa chake kikagonga ukuta, tena, tena, taratibu. Mtoto alipomaliza titi la kwanza, akamhamishia la pili.

Nilisimama mbele yao nimevaa kaki, nikitazama huku na huku kama kuna mtu anaona.

Alirudi Ziwani juma lilelile. Hakuzaa tena. Mimi nilizaa wengine wawili, na kila mara nilirudi kazini kabla ya arobaini, nikiwa navuja damu, ili asiitwe mtu. Binti yangu alikua akimwita yule mama, na mimi akiniita kwa cheo changu cha mzaha, Afande. Bi mkubwa alikufa mzee, na binti yangu ndiye aliyemwosha. Tuliishi katika uke wenza zaidi ya miaka thelathini, tukala sahani moja sikukuu zote, tukauguzana.

Sikumpa pole ya mtoto wake. Kila mwaka nilisema nitampa, na kila mwaka nilitaka kwanza yeye akiri kwamba kazi ile ilikuwa yangu.